Injini ya Mtumbwi Isiuzwe kwa Ahadi ya Kikapu

Hivi karibuni nilikuwa Ujiji, na jioni moja mwalimu wa shule moja ya sekondari alinichukua hadi kiwanja cha mpira wa kikapu cha shule yake. Ni kiwanja cha udongo. Ubao umeungwa kwa mbao za masanduku, na ringi ni nondo iliyokunjwa na fundi wa mjini. Chini ya ringi hiyo nilimwona kijana wa kidato cha tatu ambaye hahitaji kuruka sana ili aiguse, na ambaye, pamoja na urefu wake huo, hukimbia kwa wepesi wa mtoto wa kimo cha kawaida.

Mwalimu hakunipeleka pale nikamsifu kijana. Alinipeleka kwa sababu baba yake, mvuvi wa dagaa, alikuwa ametangaza mwaloni kwamba anauza injini ya mtumbwi wake. Mtu mmoja kutoka Dar es Salaam alikuwa amemwahidi mzee huyo kwamba atampatia mwanawe nafasi katika chuo cha miaka miwili huko Marekani, acheze kikapu na kusoma bure, lakini kwanza alitaka shilingi milioni nne "za kushughulikia karatasi".

Hapana budi kusema mapema kwamba safari yenyewe si ndoto ya mchana. Suleiman Nyambui, aliyetwaa nishani ya fedha ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, alikimbilia Chuo Kikuu cha Texas mjini El Paso. Hasheem Thabeet alitoka Dar es Salaam, akapita katika shule za sekondari za Marekani, akacheza Chuo Kikuu cha Connecticut, na mwaka 2009 akachaguliwa wa pili katika uteuzi wa wachezaji wapya wa ligi ya kulipwa ya nchi hiyo. Atiki Ally Atiki, kijana wa Mwanza, alipitia Kanada kabla ya kuchezea chuo kikuu cha Brigham Young. Kwa hiyo mzee wa Ujiji hakudanganywa kuhusu kuwapo kwa njia. Alidanganywa kuhusu ni nani mwenye ufunguo wake.

Vyuo vya miaka miwili huko Marekani ni vingi, na michezo ya sehemu kubwa ya vyuo hivyo inasimamiwa na chama kiitwacho NJCAA, kilichoanzishwa mwaka 1938. Makocha wake daima wana njaa ya wachezaji, kwa sababu mchezaji hakai zaidi ya miaka miwili, na kila mwaka kocha hupoteza karibu nusu ya timu yake. Kadhalika, vyuo hivi huwapokea vijana ambao alama zao hazijafikia masharti ya chama cha vyuo vikuu, NCAA, ambacho hudai masomo 16 ya msingi ya sekondari. Jimmy Butler alianzia katika chuo cha namna hii mjini Tyler, Texas, kabla ya kwenda Marquette na hatimaye kuwa nyota wa ligi ya kulipwa.

Lakini si kila chuo cha miaka miwili kinalipa. NJCAA ina madaraja matatu: la kwanza laweza kutoa ada, chumba, chakula na vitabu, la pili haligharimii chumba wala chakula, la tatu halitoi ufadhili wowote wa michezo. Vyuo vya California vina chama chao wenyewe, navyo pia havitoi ufadhili huo, ilhali mwanafunzi mgeni hutozwa ada kubwa kuliko mwenyeji. Mzazi anayeambiwa "mwanao amepata chuo Marekani" anapaswa kuuliza mara moja: chuo gani, daraja lipi, na barua ya ufadhili iko wapi? Nilipomwuliza mzee maswali hayo, aliniambia kwamba yule bwana alikuwa na picha za majengo mazuri sana katika simu yake.

Hawa ndio walanguzi wa siku hizi. Zamani walificha sukari na sabuni. Leo wanauza urefu wa watoto wa watu. Kocha anayemtaka mchezaji hamtozi mzazi wake fedha za kumtaka. Zipo gharama halali, kama vile ada ya dola 350 ya kumwandikisha mwanafunzi mgeni katika daftari la serikali ya Marekani, au malipo ya kutafsiri alama zetu kwa mizani yao. Hizo hulipwa penye ofisi yake na kwa stakabadhi. Hazipiti mfukoni mwa mtu aliyefikia nyumba ya wageni.

Na sasa nije kwetu sisi, maana mlanguzi hustawi mahali ambapo ofisi zimelala. Kocha wa Kansas au Texas hatafika Ujiji. Stanley alifika mwaka 1871 akimtafuta Mzungu mmoja, na hata huyo alitumwa na gazeti. Kocha atataka vitu vitatu: picha za mchezo mzima, umri wa kweli, na hati ya alama za kijana tangu kidato cha kwanza. Vitu viwili kati ya hivyo vimo katika makabati yetu. Nilimwomba mwalimu anionyeshe. Alama za kidato cha kwanza hazikuonekana; mwalimu aliyezitunza alihamishwa, na daftari likahama naye au likaliwa na mchwa. Tarehe ya kuzaliwa katika rejesta ilitofautiana kwa miaka miwili na ile ya cheti cha kuzaliwa. Kosa dogo la kalamu, atasema karani. Kwa kijana huyu kosa hilo latosha kumfanya aonekane mwongo mbele ya ofisa wa ubalozi, baada ya kusafiri zaidi ya kilomita 1,200 hadi Dar es Salaam.

Wapo walimu wanaodhani wanamsaidia mchezaji hodari wanapomwacha akose vipindi na kumpa alama za huruma. Akifika huko atatakiwa kubeba masomo yenye uzito wa saa 12 kwa juma katika kila muhula, kwa Kiingereza, na asipofaulu haruhusiwi kucheza. Dennis Rodman, ambaye baadaye alitwaa ubingwa mara tano, alidumu muhula mmoja tu katika chuo chake cha miaka miwili kwa sababu ya alama mbaya. Naye alikuwa nyumbani kwao, akisoma kwa lugha ya mama yake.

Nitaulizwa: ya nini haya yote, ikiwa Desemba 2025 Marekani iliiingiza Tanzania katika orodha ya nchi zilizowekewa vizuizi vya viza, zikiwamo za wanafunzi? Swali hilo ni la haki, na mlanguzi hakumtajia mzee hata neno moja juu yake. Lakini kijana yuko kidato cha tatu. Amri za Washington hutolewa na hubadilishwa bila sisi kuulizwa. Alama za Hisabati za mwaka huu zikipotea hazirudi. Tena, hati hiyohiyo itatakiwa Kanada, na itatakiwa Mlimani.

Usiku ule tulikaa kwa mzee, tukala migebuka, na mwalimu akamweleza polepole, kwa heshima, bila kumwaibisha mbele ya mkewe. Mzee hakusema kitu kwa muda mrefu. Kisha akauliza kama cheti cha kuzaliwa husahihishwa Kigoma au Dar es Salaam. Asubuhi mwalimu alianza kuwapigia simu walimu waliohama, akitafuta alama za kidato cha kwanza, na mwenzake wa Jiografia akapanda ukutani na simu yake kuupiga picha mchezo mzima. Nilipoondoka, injini ilikuwa bado mwaloni.