Mlima ni wetu, ila mapafu ni ya Mbagala (uzi)

1/ Tarehe 9 Desemba ikikaribia, magrupu ya WhatsApp yanaanza kuchangishana safari ya Kilimanjaro. Safi sana. Ila kuna kauli naisikia kila mwaka huku Mbagala: "Nesi, mlima ni wetu bana, hewa inawasumbua Wazungu." Hapana jamani. Mwili hausomi kitambulisho cha NIDA.

2/ Hewa ya kileleni ina oksijeni asilimia 21, sawa na ya Temeke. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa. Pale Uhuru, mita 5,895, kila pumzi inakupa karibu nusu ya oksijeni unayoipata huku pwani.

3/ Wapo watu ambao miili yao imejengwa kwa ajili ya huko juu. Watibeti wanapumua zaidi, na jeni yao ya EPAS1 inazuia damu isiwe nzito kupita kiasi. Watu wa Andes, Peru na Bolivia, wameongeza hemoglobini, na wengine inazidi mpaka wanaugua. Waamhara wa milima ya Simien, Ethiopia, nao wana njia yao. Hiyo ni kazi ya vizazi kwa vizazi, sio ya uraia.

4/ Sisi je? Hata Mchaga wa Marangu kijiji chake kiko chini ya mita 2,000. Hakuna ukoo uliozaliwa Kibo. Ndiyo maana hata wapagazi wanaugua huko juu, na wapo waliopoteza maisha.

5/ Kinachobaki ni muda. Ukipita mita 3,000, ushauri wa kitabibu ni kwamba usiku unaofuata usilale juu zaidi ya mita 500 kuliko jana. Sasa angalia njia ya Marangu: Mandara 2,720, Horombo 3,720, Kibo 4,720. Mita elfu kwa siku! Ile siku ya ziada Horombo sio anasa, ni dawa. Na ndiyo ya kwanza kukatwa ili bei ishuke. Maoni yangu: changeni miezi miwili zaidi, msiikate.

6/ Vijana wa jogging, nguvu za miguu hazizuii ugonjwa wa mlima. Nyie ndio mnaowahi kupanda, na mnaojikaza kichwa kikiuma.

7/ Hili ni letu kabisa: sikoseli. Mwenye ugonjwa huu asipande. Hata aliyebeba kinasaba kimoja tu, mzima wa afya, bandama lake linaweza kuumia oksijeni ikipungua. Kinasaba hicho kilienea kwetu kwa sababu kinakinga malaria kali. Urithi wetu ni wa kupambana na mbu, sio na barafu. Pimeni kwanza, muone daktari.

8/ Kichwa, kichefuchefu, kizunguzungu: usipande zaidi, mwambie kiongozi wa msafara. Ukiyumba kama mlevi, ukichanganyikiwa, au ukihema hata umekaa huku unakohoa mapovu: shuka sasa hivi, hata kama ni usiku, na usishuke peke yako. Usisubiri kuche.

9/ Kilele kitakuwepo mwakani. Mama yako anakusubiri wewe Rangi Tatu, hasubiri cheti. Mtumie uzi huu anayekusanya michango kwenye grupu lenu.