Maoni: Rangi mpya haisimamishi Coccinelle kwenye mteremko wa Bukavu

Mjini Bukavu kuna vijana wanaonunua Volkswagen Coccinelle za zamani, zile zilizolala miaka mingi nyuma ya nyumba za wazee, ili wazifufue. Ni kazi nzuri, na mimi ni mmoja wa wanaoipenda. Lakini mara nyingi inaanza vibaya: pesa ya kwanza inaenda kwenye rangi, viti na redio, kisha moteri inaachiwa fundi aliyezoea RAV4 tu. Kwangu mimi, mwenye gari ambaye hajui inavyofanya kazi asiipeleke barabarani, hata ikingaa namna gani.

Tuchukue taa nyekundu ya chaji. Kwenye gari nyingi za leo, ikiwaka dereva anajisemea kwamba ni mambo ya batri, atafika nyumbani kwanza. Kwenye Coccinelle, mkanda mmoja unazungusha dinamo, na ventilateri imefungwa kwenye mhimili wa dinamo hiyo hiyo. Moteri haina maji wala radiateri, inapozwa na upepo wa ventilateri. Mkanda ukikatika, chaji na upepo vinapotea pamoja. Ukiendelea kupanda mlima katika hali hiyo, kilometa chache zinatosha kuunguza moteri. Anayejua anasimama palepale na kuzima.

Halafu kuna yale mabati meusi yanayozunguka moteri. Nimeona vijana wakiyavua na kuyatupa, wanasema moteri ipumue. Kumbe ndiyo yanayoongoza upepo hadi kwenye silindri. Mpira unaoziba pembeni ya moteri nao una kazi: unazuia hewa ya moto kutoka chini isirudi kuvutwa na ventilateri. Ukivitoa, moteri inajipikia yenyewe, na mwenye gari analalamikia oli.

Sisi wa Kivu tuna jambo letu la pekee, urefu wa nchi yetu. Uvira iko karibu mita 800 juu ya bahari, Bukavu karibu mita 1,500. Gari yenye karbirateri haina kompyuta ya kupima hewa. Inaleta esansi kufuatana na tundu la jigleri, basi. Gari iliyoregezwa vizuri kule Uvira ikipanda Ngomo inakuta hewa nyepesi huku esansi ikibaki nyingi. Buji zinakuwa nyeusi, moshi unatoka, nguvu inapungua. Fundi asiyejua anabadilisha buji, anabadilisha bobini, halafu anamwambia mteja kwamba moteri imekwisha. Mteja analipa mara tatu kwa kosa ambalo jigleri ndogo zaidi ingelimaliza.

Lakini kinachonitisha zaidi ni freni. Coccinelle nyingi zilizotengenezwa kabla ya 1967 zina njia moja tu ya mafuta ya freni kwa magurudumu yote manne. Bomba moja la mpira likipasuka, hakuna freni mbele wala nyuma. Mwaka jana niliona moja, nyekundu, imetoka tu kupakwa rangi, ikishuka bila freni. Dereva aliigongesha kwenye ukingo wa udongo ili isimame. Hakuna aliyeumia, Mungu asifiwe, maana chini kidogo mama zetu walikuwa wakiuza ndizi. Mabomba yake yalikuwa yale yale ya zamani, mpira umepasukapasuka. Pesa ya kuyabadilisha ingekuwa ndogo sana kuliko pesa ya rangi.

Wako wanaosema: weka moteri ya Kijapani, maneno yaishe. Sawa, ni gari yako. Ila nguvu ikiongezeka na freni zikabaki zile zile, umeongeza hatari.

Wenye ujuzi huu bado wapo. Ni akina papa waliofanya kazi katika magaraji ya zamani, wanaosikiliza moteri na kukuambia platine ya delko imefungwa sana. Wengi ni wazee na wengine wanatuacha kila mwaka. Vijana wao wanashika skana, ambayo kwenye Coccinelle haina hata mahali pa kuchomekwa. Shule zetu za ufundi zingewaita wazee hao asubuhi moja kwa wiki, na kuwalipa, si kuwapa soda tu. Wanafunzi waandike namba za jigleri zinazofaa Bukavu na zile zinazofaa Uvira. Sidhani kama namba hizo zimeandikwa mahali popote. Ziko katika vichwa vya watu.

Wewe uliyenunua Coccinelle mwezi huu, rangi ingoje. Inua gari, toa magurudumu, fungua tamburi zote nne, kisha umwite papa mmoja aje kuangalia pamoja nawe.