DAGAA WANAKAANGWA, MAPAPA WANAPITA!

Ndugu msomaji, wewe fundi betri wa Pasua, unajua kwamba asidi unayojazia betri imo katika orodha ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1988, ya kemikali za kutengenezea dawa za kulevya? Sheria yetu ya 2015 nayo inazibana kemikali hizo. Sawa! Unga umewamaliza wenzetu, hatubishi. Lakini Julai 2013 mabegi ya efedrini yalinaswa Johannesburg yakitokea Dar es Salaam. Pale uwanjani yalipitaje? Efedrini hailimwi Kibosho wala Marangu. Inaingia kwa kibali au kwa njia za panya. Basi Serikali ibandike hadharani majina ya wenye vibali, na kilo zao! Akikujia askari kwa lita moja ya asidi, muulize: na mapapa je?