Namba ya Gari Ina Mwenyewe

Wapo wasemao kwamba asiye na kosa haogopi kamera. Hoja hiyo naikataa. Hapa Chole namba ya gari ni jina la mtu: likipita, twajua nani kaenda hospitali na nani kaenda ngomani. Lakini jirani husahau; mashine haisahau. Daftari la mahudhurio shuleni hueleza nani yupo darasani, si alikolala. Vivyo hivyo, mashine ya moshi ipime moshi, ya mwendo ipime mwendo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, yataka taarifa zisihifadhiwe kupita muda wa haja yake. Basi namba ya asiye na kosa ifutwe siku hiyo hiyo. Sheria isiyotimizwa ni karatasi tu.