Taa ya Breki Haitibiwi kwa Kukata Waya
Lori la mchanga linapopenya njia nyembamba za Soweto West, Kibera, watoto, mama mboga na bodaboda wote wamo barabarani. Ndiyo maana ni hatari dereva kukata waya wa taa nyekundu ya onyo la breki kwenye dashibodi iliyokataa kuzima. Aanze na handibreki: je, imeachia kabisa? Kisha atazame kikopo cha mafuta ya breki. Yakiwa chini ya alama, huenda pedi zimelika au paipu inavuja, na kuongeza tu hakutoshi. Kwa breki za upepo, geji ikiwa chini, asiondoke. Lori lisilodhibitika ni maafa: pale Londiani, Kenya, Juni 30, 2023, lori moja lililopoteza mwelekeo liliua zaidi ya watu 50. Wenye malori, mlipeni fundi kwanza, ndipo mmtume dereva.