Mizani ya Kakao Hainijui

Mizani ninayoiamini hapa Banalia si ya watu. Ni ya mnunuzi wa kakao, ile ya chuma yenye ubao wa kukanyagia, inayokaa chini ya kibanda cha turubai karibu na barabara ya Kisangani. Kila Jumamosi, magunia yakishapimwa, nilikuwa navua viatu na kupanda. Vijana wa kubeba magunia walinizoea. "Papa Mwalimu," walisema, "leo tukununue kwa bei gani?"

Safari yangu ilianza nikiwa na kilo 104 na tansio, yaani shinikizo la damu, ya 17 juu ya 11. Nina miaka 53, nafundisha shule ya msingi, na urefu wangu ni mita 1.72. Muuguzi wa kituo cha afya alinifungia kile kitambaa mkononi mara mbili, kana kwamba haamini, kisha akanipa hesabu kwenye kipande cha karatasi: chukua kilo zako, zigawe kwa urefu uliozidishwa kwa urefu, jibu lisizidi 25. Jioni nikakaa na chaki nikapata kwamba kilo zangu zisizidi 74. Nikaiandika nyuma ya mlango wa chumba. Mama watoto akaitazama, akauliza, "Hizi 74 ni za nani?"

Sikumjibu. Kwanza niliacha bia. Kisha nikaacha sahani ya pili ya lituma, na nikaomba pondu isielee tena katika mawese. Piki iliyokuwa inanipeleka shuleni nikaiacha, nikaenda kwa miguu asubuhi na mchana. Baada ya mwaka na miezi kadhaa mizani ilisoma 86, na tansio ilikuwa 13 juu ya 8. Nilikuwa nimetua kilo 18, uzito wa bidoni la lita 20 lililojaa mawese. Nililijua vizuri bidoni hilo, kwa sababu shamba langu liko ng'ambo ya Aruwimi na mawese yangu huvuka kwa mtumbwi. Hapa kwetu kingo za mto zina mwinuko. Siku za kilo 104 nilikuwa nikipanda na bidoni lile nasimama mara tatu, nikijifanya natazama kivuko. Nikiwa na 86 nilipanda moja kwa moja mpaka barabarani.

Hapo ndipo ningesimama. Sikusimama, kwa sababu mlango wa chumba ulikuwa bado unasema 74.

Majirani nao walikuwa na hesabu yao. Kwetu mtu akipungua watu hawamsifu, wanashusha sauti. "Papa anakauka." Mwenzangu mmoja wa shule alikuja nyumbani na watu wawili wa maombi, hakuniambia wanaombea nini, nami sikuuliza. Siwalaumu. Ukonde una historia mbaya kwenye mto huu. Agosti 17, 1888, msafiri Stanley aliporudi hapa hapa Banalia kutafuta kikosi alichokiacha nyuma, aliwakuta wapagazi waliobaki wakiwa mifupa kwa njaa, maradhi na muhogo mchungu usioandaliwa vizuri. Wengi wao walikuwa watu wa Zanzibar, na wengi walikuwa wamekwisha kuzikwa. Mahali penye kumbukumbu kama hiyo, tumbo la mwalimu linaeleweka kama akiba. Lakini nilikuwa mkaidi, na ukaidi wa mtu aliyeanza kufanikiwa hauna dawa. Nikakata chakula cha usiku. Nikafika 78. Nikampa fundi cherehani koti langu la sherehe alipunguze mabegani na kiunoni.

Jumamosi moja, nikiwa na 78, nilivuka na bidoni langu kama kawaida. Nusu ya mwinuko magoti yakaanza kutetemeka. Nikalitua. Nikalibeba tena, nikalitua tena. Kijana mmoja aliyekuwa akivua karibu alikuja akalichukua bila kuniuliza, akanitangulia juu. Njiani nikakumbuka kuwa wiki nzima nilikuwa nasikia baridi asubuhi, na darasani mchana nilikuwa nafundisha nimekaa.

Basi nikaanza kuisoma ile hesabu upya, kama ninavyowaambia wanafunzi wangu: kabla hujatumia kanuni, uliza imetoka wapi. Kanuni hii ilitoka kwa Mbelgiji, Adolphe Quetelet, mtu wa nyota na takwimu, katika miaka ya 1830. Hakuwa daktari wala hakuwa anatibu mtu. Alikuwa anatafuta mtu wa wastani, na watu aliowapima walikuwa wa Ulaya. Mwaka 1972 Mmarekani Ancel Keys na wenzake ndio waliifanyia majaribio na kuipa jina linalotumika hadi leo. Inafaa kwa kupima umati. Kwa mtu mmoja inakupa dalili tu, maana haijui kama kilo zako ni mafuta ya tumboni au nyama ya mapaja. Mizani ya kakao nayo haijui. Inapima gunia.

Na mwili unapopungua haupunguzi mafuta peke yake. Takribani robo ya kilo zinazoondoka inaweza kuwa nyama, hasa mtu akijinyima chakula bila kuufanyisha mwili kazi. Kwa mtu aliyepita miaka 50 ni hasara juu ya hasara, kwani umri wenyewe tayari unatuibia nyama kidogo kidogo. Zile kilo nane kutoka 86 mpaka 78 nadhani nililipa sehemu kubwa kwa magoti yangu.

Ninachodai mimi ni hiki: tansio ikishashuka na kukaa, na kazi yako ya kila siku ikawa nyepesi, futa namba mlangoni. Jaribio kubwa la Wamarekani lililotangazwa mwaka 2002, kwa watu waliokuwa wakielekea kwenye kisukari, liliwapa lengo la kupunguza asilimia 7 tu ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki, na idadi ya waliougua ilipungua kwa asilimia 58. Asilimia 7 ya kilo 104 ni kilo saba na kitu. Mimi nilikuwa nimepunguza zaidi ya mara mbili ya hapo na bado nilijiona mwenye deni. Wauguzi wetu watupe kanuni, sawa, lakini watuambie pia mahali pa kushukia. Mtu anayeshuka mteremko kwa baiskeli bila breki haitwi hodari.

Nimetaja baiskeli, na nijihadhari. Mtu atasema: tazama wale wanaosukuma baiskeli zenye mabidoni na magunia ya mchele kutoka huku mpaka Kisangani, kilomita 128, hao ndio wenye afya. Hapana. Nimekaa nao kivulini, najua migongo yao. Wana nguvu kwa sababu hawana gari, na wengi hula mara moja kwa siku. Nisichowaonea wivu ni mzigo. Ninachowaonea wivu ni kwamba sijawahi kumsikia hata mmoja wao akiuliza ana kilo ngapi.

Kuna wanaokosea upande wa pili. Mjini wapo akina dada wanaomeza vidonge vya deksametazoni, dawa ya kutuliza uvimbe na mzio, ili wanenepe mashavu na makalio, na vinawaletea sukari na tansio. Nilikuwa nawacheka. Sasa siwacheki, kwa sababu mimi na wao tulikuwa tunafanya jambo lile lile: wao walitaka mwili upendeze macho ya watu, mimi nilitaka upendeze kipande cha karatasi.

Chakula cha usiku nimekirudisha: samaki, maharage, karanga, na lituma sahani moja. Bia bado hapana. Asubuhi natembea, na mara mbili kwa wiki nalinyanyua bidoni la maji nyuma ya nyumba, kumi, napumzika, kumi tena, watoto wa jirani wakihesabu kwa Kifaransa. Kila mwezi naenda kupimwa tansio. Mara ya mwisho ilikuwa 12 juu ya 8. Kwenye mizani ya kakao nilipanda mara moja tu tangu mvua zianze, ikasoma 83. Suruali ni zile zile za wakati wa 80. Mwinuko wa mto naupanda na bidoni bila kulitua, na kijana yule mvuvi sasa ananisalimia akiwa amekaa.

Tatizo limebaki koti. Fundi alilipunguza vizuri mno, na mabega yangu hayaingii tena. Mama watoto anasema liuzwe. Mwalimu yeyote wa Banalia mwenye kilo 78 na harusi karibu, aje alijaribu.