Hygge ni kazi, si mishumaa

Wadau, hizi "wikendi za hygge" mlimani zimenichosha. Kwanza hygge ni neno la Denmark, na Denmark haina mlima! Kilele chake kirefu zaidi ni kama mita 171. Ngong inapita mita 2,400. Kibanda cha mlimani ni mambo ya Norwei, wanakiita hytte. Chama chao cha watembeaji, DNT, kipo tangu 1868, na kina vibanda visivyo na mhudumu: wanachama wanatumia ufunguo wa aina moja, unapasua kuni, unachota maji, unapika ulichokuta stoo, unalipa bila kusimamiwa, unafagia, unamwachia anayefuata kuni. Choo mara nyingi kiko nje, kwenye theluji.

Sisi tumebeba nini? Soksi na mishumaa. Halafu unalipa kodi ya nyumba ya mwezi mzima kwa siku mbili, na moto anakuwashia kijana wa pale ambaye haonekani kwenye video hata sekunde moja.

Baridi ya Julai ni ya bure jamani. Kila kundi halikosi mtu mwenye shosho Kinangop. Changeni nauli, mpelekeeni unga na sukari, na zamu ya kuosha sufuria ipangwe kabla hamjatoa simu.